Maji ni Amana

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, kwa niaba ya Halmashauri



Desturi ya Mkutano wetu wa kila mwaka ni kusikiliza habari za wagonjwa waliotembelewa, wafiwa waliofarijiwa na watoto waliolipiwa karo; kisha hesabu za fedha husomwa, na mzee mmoja hutufungia kwa dua. Mwaka huu Halmashauri imeongeza jambo moja. Wanachama wa upande wa Ruiru wameleta ombi kwamba akiba ya Chama itumike kuchimba kisima kirefu cha pampu, kiwe cha pili baada ya kile tulichochimba miaka iliyopita. Sisi tuliopewa kazi ya kulichungua ombi hilo tumeona kwamba haifai kulijibu kwa "ndiyo" au "la" kabla ya kuelezana maji yetu hutoka wapi, hupotea wapi, na ni nani aliye na wajibu wa kuyatunza. Basi twaomba masikio yenu.

MITO YETU NA NJIA ZAKE

Mji wa Thika umekaa penye mito. Mto Chania na Mto Thika hukutana hapo karibu na mji, chini ya maporomoko mawili ambayo kila msafiri wa barabara kuu ameyasikia. Maji hayo hushuka mpaka Tana, yakapita Garissa na nchi kavu ya mashariki, hata yakaingia baharini karibu na Kipini.

Lakini mtu akitoka Thika na kushika njia ya Nairobi, baada ya mwendo mfupi huwa amevuka mpaka usioonekana kwa macho. Ndarugu, Thiririka na Ruiru hazielekei Tana kamwe. Mito hiyo humwagika katika Athi, ambao mbele huitwa Galana, na mwishowe Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya Malindi. Kwa hiyo ndugu wawili wa Chama hiki, mmoja wa Thika na mmoja wa Ruiru, wakimwaga uchafu mtoni siku moja, wa kwanza humdhuru mtu wa Garissa, na wa pili humdhuru mkulima wa Malindi. Hatuwajui watu hao kwa majina, wala wao hawatujui. Lakini maji yanatujulisha.

Ijapokuwa mito hii huachana hivyo, asili yake ni upande mmoja, yaani milima ya Nyandarua na miteremko yake. Wazee waliozaliwa Gatundu, Githunguri na Kinangop hawahitaji kufundishwa kazi ya msitu. Mvua ikinyesha juu ya udongo uliofunikwa kwa majani na mizizi, maji hunywewa polepole, yakakaa chini, kisha hutoka katika chemchemi miezi ya kiangazi. Mvua hiyo hiyo ikinyesha juu ya mlima uliokatwa miti na kulimwa pasipo matuta, hukimbia siku ile ile pamoja na udongo. Basi mkulima hupoteza shamba, mabwawa hujaa tope, na wasafishaji wa maji hulazimika kununua dawa nyingi zaidi ya kulituliza tope hilo. Gharama hiyo mwisho wake hufika katika ankara ya mtu wa mjini, ambaye labda hajapata kuiona Nyandarua hata kwa mbali.

Kazi ya kuulinda msitu huo haikusahauliwa kabisa. Ua wa nyaya za umeme wa karibu kilomita 400, ulioanza kujengwa mwaka 1989, ulikamilika mwaka 2009, ukaizunguka hifadhi ya Nyandarua. Ua huo umesaidia kuzuia ukataji wa miti na ugomvi baina ya wanyama na mashamba. Lakini ua huishia msitu unapoishia. Kati ya msitu na bomba lako kuna maelfu ya mashamba, viwanda vya kahawa, vijiji na miji. Na huko hakuna ua mwingine ila dhamiri ya watu na sheria inayofuatwa.

KIU YA MJI MKUU

Hatuwezi kusema habari za maji yetu pasipo kuutaja mji wa Nairobi. Mji huo ulianza kwa kunywa maji ya karibu, ya chemchemi za Kikuyu. Ulipokua, ukatafuta mbali. Kabla ya uhuru bwawa la Ruiru lilijengwa, na mwaka 1956 likafuata bwawa la Sasumua, kule Kinangop. Mwaka 1994 likakamilika bwawa kubwa la Ndakaini katika Mto Thika, liwezalo kushika meta za ujazo milioni 70. Maji yake hupitishwa katika mahandaki mpaka Ng'ethu, Gatundu, husafishwa huko, kisha hupelekwa Nairobi. Bwawa hilo moja limekuwa likiupa mji mkuu sehemu iliyo kubwa kabisa ya maji yake. Hata hivyo halikutosha. Limechimbwa handaki jingine la karibu kilomita 12, la kuleta Ndakaini sehemu ya maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati. Na jambo hilo lilizusha mabishano makubwa katika Murang'a, watu wakiuliza wao watabakiwa na nini.

Hatusemi haya ili kuwachukia watu wa Nairobi. Watoto wetu wako huko. Wengi wetu hufanya kazi huko mchana na kurudi Ruiru kulala. Twasema ili mfahamu kwamba mto uonao hapa chini umekwisha kugawanywa huko juu kabla haujafika kwako. Wakati wa ukame wa mwaka 2017, Ndakaini ilipopungua sana, Nairobi iliwekewa zamu za maji, naye mkazi wa mtaa wa matajiri akajifunza kulijua jua la saa sita akiwa na mtungi mkononi.

Na sisi wenyewe tumeongezeka. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliukuta mji wa Ruiru na watu 238,858. Hesabu ya mwaka 2019 iliukuta na watu 490,120. Yaani katika miaka 10 mji umezidi mara mbili, na mabomba, mifereji ya maji taka na mashimo ya vyoo hayakuzidi kwa kiasi hicho. Thika nayo ilikuwa na watu 251,407 mwaka huo wa 2019. Nchi yetu yote imehesabiwa miongoni mwa nchi zenye uhaba, kwa kuwa maji yake yajirudishayo kila mwaka, yakigawanywa kwa kila mtu, hayafiki meta za ujazo 1,000. Hatuwezi basi kuishi kana kwamba mito ni ile ile na watu ni wale wale wa siku za babu zetu.

MATUTA YA MWAKA 1947

Yafaa tukumbuke jambo moja la zamani, kwani lina fundisho kwa Chama. Katika miaka iliyofuata vita vya pili vya dunia, serikali ya kikoloni iliona udongo wa Murang'a ukichukuliwa na mvua, ikaamuru watu walime matuta. Kwa upande wa elimu ya udongo, matuta yalikuwa jambo jema. Lakini yalifanywa kwa shuruti, asubuhi nzima nzima kila juma, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake, ambao tayari walikuwa na kuni, maji, watoto na shamba. Mwaka 1947 mkutano mkubwa ulifanyika Murang'a ukatoa sauti kwamba wanawake wasiende tena. Na kazi ile ikalegea sana. Mwaka uliofuata wanawake wenyewe waliandamana kuipinga.

Basi je, matuta yalikuwa mabaya? Hayakuwa mabaya. Leo mkulima wa Ukambani au wa Murang'a huchimba matuta ya "fanya juu" kwa hiari yake, akapanda nyasi za mabingobingo ukingoni, kwa kuwa ameona faida katika ghala na katika zizi. Kilichokuwa kibaya ni kuamriwa jambo usiloshauriwa, ulifanye kwa jasho lako, na faida yake usielezwe. Nasi twasema: shauri lolote la maji litakaloletwa kwetu, liwe la Serikali, la Kaunti au la Halmashauri yetu wenyewe, likija kwa njia ile ya mwaka 1947 litaishia kama la mwaka 1947, hata likiwa na hekima kiasi gani.

Njia nyingine ipo. Mwaka 2015 ulianzishwa Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi, ambao huwasaidia wakulima wa nchi ya Thika na Chania, ya Maragua, na ya Sagana na Gura, kuchimba matuta, kupanda nyasi na miti, na kutengeneza vidimbwi vya kuwekea maji ya mvua. Wanaochangia ni pamoja na wale watumiao maji huko chini. Waliopiga hesabu walikadiria kwamba dola milioni 10 zikitumiwa hivyo zingeleta faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30, kwa wakulima, kwa wasafishaji wa maji na kwa mitambo ya umeme. Fikra yake ni nyepesi, nayo ni ya haki: mtu wa chini hunywa kazi ya mtu wa juu, basi na amsaidie.

SHERIA INAVYOSEMA

Wengi wetu hudhani kwamba habari za maji ni za wakubwa peke yao. Si hivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 imeeleza kwamba maji yote ya nchi yamewekwa mikononi mwa Serikali ya Taifa kwa niaba ya wananchi. Hilo ndilo neno tulilolifanya kichwa cha hotuba hii, yaani amana. Mwenye shamba kando ya mto hana milki ya mto. Mwenye kisima uani hana milki ya maji yaliyo chini. Na Serikali nayo hushika tu. Mwenyewe ni umma.

Kazi zimegawanywa. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo itoayo vibali vya kuchota maji mtoni na kuchimba visima virefu. Kaunti, tangu mwaka 2013, ndizo zenye kazi ya kuwafikishia watu maji na kuondoa maji taka, kwa njia ya makampuni kama yale ya Thika na ya Ruiru-Juja. Mamlaka ya mazingira husimamia usafi. Na kwa kanuni za mwaka 2006 hairuhusiwi kulima wala kujenga karibu na mto, kuanzia meta 6 mpaka meta 30, kwa kupima toka mahali pa juu kabisa palipopata kufikiwa na mafuriko.

Na tena, sheria imewapa nafasi wananchi wenyewe. Watumiaji wa mto mmoja wanaweza kuungana katika Chama cha Watumiaji wa Rasilimali za Maji, wakaulinda mto wao pamoja na Mamlaka, wakapatanisha magomvi ya mtu wa juu na mtu wa chini. Hili si jambo geni kwa Waafrika. Wamarakwet wa bonde la Kerio wamekuwa na mifereji yao kwa karne nyingi. Kila ukoo una zamu yake ya maji na sehemu yake ya mfereji ya kutengeneza, na mwenye kuiba zamu huitwa mbele ya wazee. Wachaga wa Kilimanjaro nao walijenga mifongo yao kwa utaratibu wa namna hiyo. Hawakuwa na ofisi wala mihuri. Walikuwa na zamu inayojulikana, wazee wanaoheshimiwa, na adhabu isiyombagua mtu.

Hapo ndipo penye upungufu wetu leo. Sheria tunazo, na maofisi tunayo. Lakini hesabu haionekani. Taarifa za bodi inayosimamia huduma za maji nchini zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba, katika kila sehemu tano za maji yaliyosafishwa na makampuni ya nchi yetu, zaidi ya sehemu mbili hazikuleta fedha. Mengine huvuja kwa mabomba makuukuu, mengine huibwa kwa mabomba ya siri, mengine hayapimwi kwa kuwa mita zimekufa. Fikirini kama Mweka Hazina wetu angekuja hapa leo akasema: katika kila shilingi tano mlizoleta, mbili na zaidi sijui zilikokwenda. Mngemwacha aketi? Na kabla hatujachimba mabwawa mapya yatakayowahamisha watu mashamba yao, je, haifai kwanza kuyatafuta maji yale yaliyokwisha kusafishwa na kulipiwa gharama, yakapotelea njiani?

MAKOSA YETU WENYEWE

Bwana Mwenyekiti, mtu akielekeza kidole kwa jirani, vidole vitatu humwelekea mwenyewe. Kamati yetu haikuona haya kuuliza: na sisi je?

Tulitembea kando ya mto siku mbili, upande wa Thika na upande wa Ruiru. Tuliona sukuma wiki, arrowroot na migomba imelimwa hata ukingo wa maji wenyewe, pasipo kuacha hata meta moja. Tuliona mikaratusi iliyopandwa penye chemchemi, nayo ni miti yenye kiu kubwa. Tulipouliza mashamba yale ni ya nani, tuliambiwa majina, na baadhi ya majina yale yamo katika orodha ya wanachama wa Chama hiki. Tuliona pia mabomba ya maji taka ya nyumba za kupangisha yaliyoelekezwa mtoni gizani, na wenye nyumba hizo hawakuwa wageni wote. Msimu mmoja wa kahawa tuliyaona maji yamekuwa meusi na yenye harufu mbaya, na akina mama waliokuwa wakifua wakaondoka na nguo zao. Maji ya kuoshea kahawa, yakiachwa yaingie mtoni kabla ya kutuliwa mashimoni, huoza na kumaliza hewa ambayo samaki huivuta. Hatutamtaja mtu hapa, kwani hatukuja kushtaki. Lakini kahawa ile ilipolipwa, baadhi yetu tulipokea malipo.

Na kuhusu kisima chetu cha kwanza, wengi mwajua. Tulikichimba kwa michango yetu, tukakifungua kwa nyimbo na chai, tukaweka kibanda cha kuuzia maji kwa mtungi. Mwaka wa kwanza maji yaliuzwa vizuri. Mwaka wa pili daftari la mauzo lilianza kuwa na kurasa tupu. Mwaka wa tatu pampu iliungua, na tulipofungua sanduku la matengenezo hatukukuta fedha ya kununulia nyingine. Hatukuweza kuthibitisha kwamba mtu aliiba. Tuliweza kuthibitisha tu kwamba hatukuuliza. Mikutano mitatu ilipita, hesabu ya kisima haikusomwa, wala hapana mwanachama hata mmoja, pamoja na sisi tunaosema hapa, aliyeinua mkono. Mama zetu wa mtaa ule wamerudi kununua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi, kwa bei ya mchuuzi. Basi kisima kile kilikauka daftarini kabla ya kukauka ardhini.

SHAURI LA KISIMA CHA PILI

Sasa twaweza kulijibu ombi. Twalijua lilitoka katika shida ya kweli. Nyumba nyingi za Ruiru hupata maji ya bomba kwa siku chache tu za juma, na mama mwenye watoto wadogo hawezi kungoja hotuba. Hata hivyo, yatupasa kuyapima mambo matatu.

Kwanza, maji ya chini ya ardhi si bahari isiyokwisha. Katika Nairobi na pande zinazopakana nayo, visima vimekuwa vingi mno, na maji yameshuka chini mwaka baada ya mwaka, hata mwenye kisima kifupi hukauka kwa sababu ya jirani mwenye kisima kirefu. Pili, maji ya visima virefu vya pande hizi mara nyingi huwa na madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Zaidi ya hapo meno ya watoto hubadilika rangi, na yakizidi sana mifupa huharibika. Kwa hiyo kisima kisichopimwa maji yake si msaada. Tatu, hatujafunga hesabu ya kisima cha kwanza. Mtu aliyevunja mtungi mmoja kwa uzembe hapewi wa pili kabla hajaeleza.

Ushauri wetu ni kwamba Mkutano huu usipitishe fedha za kisima kipya mwaka huu. Twajua neno hili litawauma baadhi ya ndugu zetu. Kwa hiyo hatukuja nalo mikono mitupu.

MAPENDEKEZO

La kwanza, kisima cha kwanza kitengenezwe. Kiundiwe kamati mpya ya watu watano, na angalau watatu wawe wanawake, kwa kuwa wao ndio wabebao mtungi nao hujua mara moja maji yakiuzwa pasipo kuandikwa. Kibali chake kikaguliwe, maji yapimwe, na hesabu yake ibandikwe ukutani pa kibanda kila mwezi, kila mtu aisome.

La pili, sehemu ya akiba itolewe kwa mkopo wa zamu kwa wanachama wa kununua mapipa makubwa na mifereji ya paa. Hebu tupige hesabu pamoja. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Paa la meta za mraba 60, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 54,000. Tukiacha sehemu moja katika tano ipotee, zasalia lita 43,200, yaani mitungi 2,160 ya lita 20. Twajua pipa haliwezi kuyashika yote kwa mara moja, kwani mvua zetu huja kwa misimu miwili. Lakini hata nusu yake ingempumzisha mama kwa miezi mingi. Maji hayo hutoka juu ya paa lako mwenyewe, na leo unayaacha yakatengeneze shimo barabarani.

La tatu, kila mwanachama mwenye shamba kando ya mto aache ukingo kwa kipimo cha sheria, apande nyasi, mianzi na miti ya kienyeji, na aondoe mikaratusi penye chemchemi. Jambo hili lisifanywe kwa shuruti. Chama kitoe miche, vijana wetu watoe nguvu zao siku za Jumamosi, na mwenye shamba apewe nyasi za kulisha ng'ombe wake ili asione amepoteza. Lakini mjumbe yeyote wa Halmashauri awe wa kwanza; na asiyetaka kuanza na ukingo wake aachie kiti.

La nne, Chama kijiunge na vyama vya watumiaji wa maji vya mito yetu. Kwa kuwa Thika humwagikia Tana na Ruiru humwagikia Athi, wajumbe wetu wataingia vyama mbalimbali. Basi wakutane mara nne kwa mwaka na kutuletea habari. Kwa njia hiyo, tukimwona mwenye kiwanda au mwenye nyumba akiuchafua mto, hatutakuwa na minong'ono ya mlangoni tu. Tutakuwa na mahali pa kulipeleka neno letu, lenye tarehe, mahali na mashahidi.

La tano, tuandike kwa adabu kwa makampuni yetu ya maji kuomba watueleze kila mwaka maji yanayopotea ni kiasi gani, na wamefanya nini. Nasi kwa upande wetu tutoe habari ya kila bomba lililopasuka, na tukomeshe kabisa mabomba ya siri ndani ya viwanja vyetu. Hatuwezi kudai hesabu kwa mkono mmoja na kuvunja mita kwa mkono wa pili. Hata bomba linalodondoka uani lisidharauliwe: likijaza mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, kwa mwaka limemwaga lita 7,300. Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo haba na haba humaliza bwawa.

MWISHO

Wazee wetu, ninyi mlizikuta chemchemi ambazo leo hazipo, na mwajua mahali zilipokuwa. Twawaomba mtembee na vijana wetu mkawaonyeshe, ili angalau mahali pale pajulikane na pafunikwe kwa miti. Mama zetu, ninyi mmebeba mgongoni gharama ya uzembe wetu. Tafadhalini kubalini pia kubeba daftari. Vijana, ninyi ndio mtakaokaa katika mji ambao kwa miaka 10 tu ulizidi mara mbili. Msiseme mambo haya ni ya wazee.

Mshairi na mtunga sheria waweza kusema wapendavyo juu ya mito yetu. Mto wenyewe huwasikiliza watu wawili tu: anayeuchota na anayeuchafua, na mara nyingi watu hao wawili ni mtu mmoja. Tukimrudi mtu huyo nyumbani kwetu kwanza, tutakuwa na uso wa kusimama mbele ya Kaunti, mbele ya Mamlaka na mbele ya mji mkuu, tukasema: sisi tumetunza amana yetu, na ninyi tuonyesheni yenu.

Bwana Mwenyekiti, twaleta mapendekezo haya matano mbele ya Mkutano yajadiliwe, yarekebishwe na kupigiwa kura kabla ya hesabu za fedha kusomwa. Na kama Mkutano utayakataa yote, twaomba jambo moja lisikataliwe, nalo ni kwamba toka leo, hesabu ya kisima chetu isomwe katika kila Mkutano Mkuu, hata ikiwa ya aibu.